Inchi 6.78 kwa mwalimu wa kwaya: uchambuzi wa kisa kimoja cha kununua simu ya kioo kikubwa

Mjomba wangu anauza vifaa vya ujenzi mtaani Umoja, na wikendi ni mwalimu wa kwaya. Ameshapita miaka 50. Simu aliyokuwa nayo ni ya inchi 5.5, toleo la 2017, hifadhi ya GB 16, na kioo chake nilikibadilisha mimi mwenyewe. Alipokuja kwangu alikuwa na shilingi 30,000 na uamuzi wake tayari: simu ya inchi 6.78 aliyoiona Luthuli, ile barabara ya maduka ya simu jijini Nairobi, bei 28,500 taslimu. Hakuja kuuliza kama ainunue. Alitaka nimsindikize tu, asije akabambikiwa feki.

Nina meza ya ufundi wa simu katikati ya jiji, kwa hiyo swali la "nichukue ile kubwa?" nalisikia kila uchao, na kwa kawaida nalijibu huku nikiendelea kufungua skrubu. Kisa hiki kilitaka kukaa chini. Kila sababu aliyoitoa mjomba ilikuwa ya kweli, ila sababu hizo nyingi hazikuwa na uhusiano wowote na ukubwa wa kioo. Ameniruhusu nikieleze, mradi nisitaje jina lake wala la kanisa. Majina ya kampuni za simu alizokuwa akizipima pia nimeyaacha: matoleo hubadilika kila baada ya miezi michache, na hapa vipimo ndivyo vyenye kazi.

Alichokuwa anakitafuta

Nilimwomba aeleze simu ya zamani inamkwaza wapi, tukio kwa tukio, bila kuitaja ile mpya. Akaanza na macho. Ujumbe wa M-Pesa anausoma akiwa ameunyosha mkono mbele kabisa, na mteja akiwa na haraka humpa simu kijana wa dukani amsomee. Hilo halimpendezi, maana salio nalo linasomwa.

Akaja kwenye noti za nyimbo. Kwaya yake, kama kwaya nyingi za makanisa ya hapa, huimba kwa sol-fa: herufi d, r, m, f, s, l, t zimepangwa mistari minne, sauti ya kwanza hadi ya nne, na maneno ya wimbo chini yake. Zamani noti zilizunguka kwa karatasi zilizorudufiwa. Siku hizi mtunzi anatuma PDF kwenye kundi la WhatsApp na kila mtu anaifungua simuni. Asiyeijua sol-fa anaweza kudhani kazi ni kusoma herufi tu. Kazi kubwa iko kwenye alama ndogo. Nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hukata pigo katikati, mkato hulikata tena, na kijialama kilichowekwa juu au chini ya herufi ndicho kinachosema sauti ipande au ishuke oktavu nzima.

"Mpwa wangu, mimi herufi naziona," akasema. "Nisichokiona ni nukta. Nikiikosa nukta, sauti ya tatu wote wananifuata shimoni."

Hifadhi nayo ilikuwa imejaa, simu inakataa kupokea picha za wateja wanaoulizia rangi na bawaba. Betri ilikuwa haifiki saa kumi alasiri. Ya mwisho hakuitaja yeye, niliitaja mimi: vijana wa kwaya wote wana simu ndefu, na mwalimu akiitoa yake wanaangaliana.

"Hiyo nayo ni sababu, usiidharau."

Sikuidharau. Heshima ina bei yake Nairobi na mtu ana haki ya kuilipia, alimradi ajue ni shilingi ngapi. Tukakubaliana tutaitafuta bei hiyo peke yake, isijifiche ndani ya sababu nyingine.

Kadibodi, rula na wembe

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi la simu hupimwa mshazari, kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya upande wa pili. Namba hiyo moja haielezi upana wala urefu. Simu za kizazi cha ile ya mjomba zilikuwa na kioo chenye uwiano wa urefu kwa upana wa 16 kwa 9. Mwaka 2017 LG ilitoa G6 yenye uwiano wa 18 kwa 9, Samsung ikatoa Galaxy S8 yenye 18.5 kwa 9, na soko lote likafuata njia hiyo. Leo simu za kawaida ziko kwenye 20 kwa 9, kupungua au kuzidi kidogo. Kioo kikirefuka bila kupanuka, mshazari unaongezeka, na inchi kwenye boksi zinaongezeka nao.

Maneno hayo hayakumwingia hadi nilipochukua boksi tupu la chaja, rula na wembe. Nikakata kipande cha kwanza chenye ukubwa wa kioo cha simu yake: milimita 68.5 kwa 122. Cha pili nikakikata kwa kipimo cha ile simu ya Luthuli, inchi 6.78 na pikseli (vile vitone vidogo vinavyounda picha) 1080 kwa 2460: milimita 69 kwa 158. Nikaviweka kimoja juu ya kingine, pembe kwa pembe. Kwa urefu, cha pili kilizidi kwa milimita 36. Kwa upana, tofauti ilikuwa karibu sawa na unene wa kadibodi yenyewe.

Mjomba alivigeuza, akavipima tena kwa rula, akavitazama kwenye mwanga wa taa ya mezani kwangu. "Sasa inchi zote hizi zimeenda wapi?"

Zilikuwa zimeenda juu. Upana ndio unaoamua mstari wa maandishi uchukue maneno mangapi na vitufe vya kibodi viwe vinene kiasi gani. Kwa hiyo ukitoka inchi 5.5 za zamani kwenda 6.78 za leo, vidole vyako vinakuta vitufe vilevile na ujumbe wako unakatika mstari palepale. Unachopata ni ujumbe mwingi zaidi kuonekana kwa pamoja, na kibodi ikifunguka haifuniki mazungumzo yote. Ni faida, sikatai, lakini mtu anayelalamika kwamba maandishi ni madogo hajatibiwa hapo.

Kuna mfano mmoja ambao huwa nawapa wateja wabishi. Samsung ilipotoa Galaxy Note ya kwanza mwaka 2011, yenye kioo cha inchi 5.3, watu waliicheka kwa ukubwa wake. Kioo kile kilikuwa na pikseli 800 kwa 1280, uwiano mpana, na upana wake ni milimita 71. Yaani simu iliyochekwa mwaka 2011 ina kioo kipana kuliko hii ya inchi 6.78 inayouzwa leo kama kubwa.

Kisha nikakata kipande cha tatu. Duka la pili kutoka lile lilikuwa na simu ya inchi 6.5, pikseli 1080 kwa 2340, shilingi 23,000. Kadibodi yake ilitoka milimita 69 kwa 150. Upana ni uleule wa ile ya 28,500. Hata ukigawanya pikseli za mshazari kwa inchi zake, zote mbili zinatoa 396. Herufi ileile ingeonekana sawasawa kwenye simu zote mbili, kwa ukubwa na kwa ukali. Kati ya simu mbili zile, kioo kilitofautiana kwa milimita nane za urefu, na bei kwa shilingi 5,500.

Kwa wale ambao bajeti yao iko chini ya hapo, kuna mtego ambao mjomba hakuwa hatarini kuuingia ila wengi wanauingia. Kioo kikubwa si lazima kiwe na pikseli nyingi. Galaxy A05 na A05s zilitoka mwaka 2023, zote za inchi 6.7, na kwa kuzitazama dirishani huwezi kuzitenganisha. Ya kwanza ina pikseli 720 kwa 1600, ya pili 1080 kwa 2400. Gawanya, upate takriban 262 kwa inchi dhidi ya 393. Kwa video za TikTok hutajali. Kwa nukta za sol-fa, utajali.

Noti, mkono wa kushoto na mkono wa kulia

Mpangilio wa Android unakuruhusu kukuza maandishi, na nilimkuzia mjomba palepale kwenye simu yake ya zamani, hatua mbili juu. Ujumbe wa M-Pesa akausoma bila kunyoosha mkono. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwonyesha hilo miaka yote. Baadhi ya programu zilivurugika kidogo, vitufe vya chini vikasukumwa nje ya kioo, lakini kwa SMS na WhatsApp mambo yalikaa sawa.

PDF haijali mpangilio huo. Ukurasa wa PDF ni kama picha: umepangwa kwa A4, nayo A4 ina upana wa milimita 210. Ukiubana uingie kwenye kioo cha milimita 69, unabaki theluthi. Herufi iliyochapwa kwa ukubwa wa pointi 12 inasomeka kama ya pointi 4, na nukta yake sina haja ya kuieleza. Hapo simu mpya na ya zamani zinafungana bao.

Zinatofautiana ukiilaza simu. Hapo ule urefu unageuka kuwa upana, na milimita 36 zinaanza kufanya kazi. Kwenye simu ya zamani, milimita 122 zinabeba ukurasa kwa asilimia 58 ya ukubwa wake, pointi 12 zinakuwa 7. Kwenye ile ya 6.78, milimita 158 zinabeba asilimia 75, pointi 12 zinakuwa 9. Kwenye ile ya 6.5 zinakuwa 8.6. Hii ndiyo hoja ya kweli iliyokuwa upande wa simu kubwa, na tulipofika Luthuli nilitaka ipewe nafasi yake kamili.

Muuzaji alikuwa mkarimu. Alituruhusu tufungue PDF ya wimbo kwenye simu ya maonyesho. Mjomba akailaza, akasoma, nukta akaziona. Uso ukamng'aa, na muuzaji akaanza kutafuta boksi. Nikamwambia mjomba aongoze. Akashika simu kwa mkono wa kushoto, akainua wa kulia, akahesabu, akaanza kuimba sauti ya kwanza kwa sauti ya chini katikati ya duka.

Simu ikiwa imelala, unaona upana wote wa ukurasa lakini kipande chake tu cha urefu, kama theluthi moja. Kwa noti zake hayo yalikuwa mafungu mawili ya sauti nne. Alipofika mwisho wa fungu la pili ilibidi asogeze ukurasa. Kidole gumba cha kushoto kilivuka mno, ukurasa ukaruka hadi ubeti wa pili, mkono wa kulia ukasimama hewani. Akarudia. Mara ya pili aliusogeza kwa mkono wa kulia, na kwaya ambayo haikuwepo ikakosa kiongozi kwa mapigo mawili. Muuzaji naye alikuwa ameshaanza kuitikia sauti ya nne, maana kumbe ni mwanakwaya wa kanisa jingine.

"Hii haiongozi kwaya," mjomba akasema.

Tukajaribu ya 6.5. Matokeo yakawa yaleyale, herufi zikiwa ndogo kidogo tu. Hapo ndipo noti zilipoondolewa kwenye orodha ya kazi za simu. Kuusoma wimbo nyumbani, kuutambua, kuutuma kwa wengine, simu yoyote kati ya hizo mbili inatosha. Kuongoza kunahitaji ukurasa mzima mbele ya macho na mikono yote miwili huru. Tableti ya inchi 10.1 yenye uwiano wa 16 kwa 10 ina upana wa milimita 136, kwa hiyo inabeba A4 nzima kwa asilimia 65 bila kusogeza. Simu ya kukunjwa kama Galaxy Z Fold ikifunguliwa inakaribia huko, lakini kwa bei ambayo mjomba angefungua nayo duka la pili. Karatasi inabeba asilimia 100, na saiba ya mtaani kwake inachapa ukurasa kwa shilingi 10.

Macho

Nilisema sababu nyingi hazikuhusu kioo. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kushindwa kubadili umbo ili ione vitu vya karibu. Hutokea karibu kwa kila mtu. Dalili yake ni ileile ya mjomba: kitu cha kusoma kinasogezwa mbali, mkono unanyooka, taa inatafutwa. Simu ya aina yoyote haibadilishi lenzi. Ukubwa wa maandishi unasaidia, miwani ya kusomea inasaidia zaidi, na inasaidia pia kwenye risiti, Biblia, vipimo vya skrubu na lebo za dawa, ambako simu haifiki.

Nina jirani wa meza anayetengeneza saa, mzee kidogo kuliko mjomba, na miwani yake ya kusomea huwa imelala juu ya kitambaa chake. Nikaiazima. Mjomba akaivaa, akafungua simu yake ya zamani, akaisoma PDF ileile iliyokuwa imemtesa. Si vizuri, maana miwani haikuwa yake, lakini alizitaja nukta zote za mstari wa kwanza. Mzee wa saa akamwambia, "Ndugu yangu, wewe umekuja kununua miwani kwa fundi wa simu."

Miwani ya kusomea inauzwa hata barabarani. Nilimshauri apimwe kwanza kwa mtaalamu, kwa kuwa macho mawili hayalingani kila mara, na hapo anaweza kuangaliwa pia presha ya macho. Glakoma mara nyingi hula uwezo wa kuona taratibu bila maumivu, na aliyepita miaka 40 hana sababu ya kungoja dalili.

Mfuko wa shati

Mjomba huweka simu kwenye mfuko wa shati. Amefanya hivyo tangu enzi za kabambe, zile simu ndogo za vitufe, na haachi leo. Ile ya 6.78 ina mwili wa milimita 168. Tuliiingiza mfukoni dukani, ikatokeza kichwa kizima cha kamera nje. Akainama kidogo, kama anayeingia kwenye matatu, ikateleza. Aliidaka kwa kiganja. Ile ya 6.5 nayo ilitokeza, lakini iliposukumwa ilibaki.

Hilo kwa mwenye gari lake ni jambo dogo. Mjomba hupanda matatu ya Umoja jioni, hushuka mjini, hutembea barabara ya Tom Mboya hadi kwenye mazoezi. Simu inayochungulia mfukoni pale inatoa mwaliko, na ile inayosomwa dirishani mwa matatu ikiwa kwenye foleni hutolewa mkononi kabla hujamaliza sentensi. Siwezi kusema simu ndogo haiibiwi, huwa zinaletwa mezani kwangu hadithi za kila ukubwa. Ila simu anayoweza kuificha ataificha, na ile isiyofichika ataizoea hivyo ilivyo.

Kuhusu kuvunjika sikuwa na mengi. Zote mbili zilikuwa na kioo cha AMOLED, na kioo cha aina hiyo kikipasuka bei yake inauma kuliko LCD ya kawaida. Wapo mafundi watakaokuwekea LCD ya bei nafuu badala yake bila kukuambia. Utaligundua siku ambayo kisomaji cha alama ya kidole kilichokuwa chini ya kioo kitakapokataa kufanya kazi. Kava na protekta zinunuliwe siku ileile, kabla ya kupanda gari.

Hesabu, na yule wakala wa mkopo

Pale dukani kulikuwa na wakala wa mkopo wa kulipa kila siku. Alimpa mjomba hoja iliyomgusa mfanyabiashara: fedha yako iache kwenye mali, chukua simu kwa 6,500 leo, halafu shilingi 95 kwa siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 95 ni nauli. Mjomba alinitazama kama anayesema, unaona?

Nikatoa simu, nikazidisha. 95 mara 365 ni 34,675. Ongeza 6,500, unapata 41,175 kwa simu ya 28,500. Anachokopeshwa hasa ni 22,000, na anakilipia 12,675 juu yake, huku akianza kurudisha kesho yake asubuhi. Nikamuuliza kama kuna bidhaa dukani kwake ambayo ukiiwekea 22,000 inarudisha faida hiyo kwa mwaka huku mtaji wenyewe unachomolewa kila siku.

"Misumari hairudishi hiyo. Labda rangi, na si kila msimu."

Tena simu za mkopo hujifunga malipo yakisimama. Kwa mtu ambaye oda zake zinaingia kwa WhatsApp, wiki mbaya ya biashara ingezaa wiki mbaya zaidi. Mikopo hii imewapa simu watu wengi ambao wasingezipata kwa njia nyingine, na kwa asiye na akiba sina la kumbeza. Mjomba alikuwa na akiba mfukoni.

Tuligusia pia simu za ex-UK, zile zilizotumika ng'ambo zikasafishwa na kuuzwa tena. Kwa 28,000 unapata kamera nzuri kuliko zote tulizoziona siku ile. Niliziacha kwa sababu ya betri ambayo huijui imepita mizunguko mingapi, na betri ilikuwa mojawapo ya malalamiko yake.

Alichonunua

Ile ya inchi 6.5, shilingi 23,000, taslimu, hifadhi GB 128. Tulibonyeza *#06#, tukalinganisha namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, na zile za kwenye boksi, tukahakikisha zimeandikwa pia kwenye risiti. Kava na protekta 800. Miwani, pamoja na kupimwa, 3,500. Nyimbo za msimu ule zilizochapwa saiba pamoja na faili la kuzitia, 1,500. Jumla 28,800.

Zile 1,200 zilizobaki ndizo zilizofanya kazi nisiyoitarajia. Simu ya zamani haikuwa imekufa. Ilikuwa imelemewa na WhatsApp, ambayo huhifadhi picha na video kwenye hifadhi ya ndani hata ukiwa na memori kadi. Niliitoa WhatsApp, nikafuta, nikaweka betri mpya ya 1,000, ufundi sikumtoza. Ile laini inayopokea ujumbe wa malipo ya Lipa na M-Pesa ya duka ikabaki humo, na simu ikabaki dukani na kijana, maandishi yakiwa yamekuzwa. Awali mjomba akitoka, kila mteja aliyelipa alilazimika kungoja kijana apige simu kuuliza kama fedha imeingia. Laini yake binafsi ikahamia simu mpya, na salio lake halisomwi tena na mtu mwingine.

Bei ya heshima tuliyoahidiana kuitafuta ilikuwa 5,500, tofauti ya simu mbili zile. Aliitazama, akasema vijana waangaliane tu.

Uamuzi huu usihamishwe kwa kila mtu. Dereva wa teksi anayeibandika simu kwenye dashibodi na kufuata ramani, mtu anayetazama mechi simu ikiwa imelala, au msomaji wa vitabu vya kidijitali ambavyo maandishi yake hukubali kukuzwa na kujipanga upya, ningemwambia achukue ile ndefu na asijute. Urefu wao una matumizi. Na kama simu mbili zile zingetofautiana kwa shilingi 1,000, nadhani mjomba angerudi na ile kubwa, na nisingemzuia.

Limebaki suala la jukwaani. Karatasi zinapeperushwa na feni, na faili limekuwa nene. Kamati ya kwaya inajadili kununua tableti moja ya kuwekwa kwenye stendi, mali ya kwaya na si ya mwalimu, na wakaniomba niwaandikie cha kuangalia. Nimeandika upana wa kioo usiopungua milimita 135, pikseli zisizopungua 1200 kwa upande mfupi, na stendi nzito. Mweka hazina amerudisha karatasi akitaka bei iandikwe kabla ya vipimo, na kikao kimesogezwa hadi baada ya mavuno.